Kinanda cha Wana wa Bi Tunu

Shufaa ameniomba niandike. Yeye ndiye anayekaa kwenye kinanda sasa, na juzi alinipigia simu kutaka kujua kwa nini wimbo wa kumtoa bibi harusi unapandishwa katikati, wakati hakuna aliyeandika popote kwamba upandishwe. Nikamweleza. Kesho yake akapiga tena kuuliza jingine. Alipopiga mara nyingine akasema, "Mamdogo, si uandike tu yote, mie niwe nasoma." Basi naandika, kwa ajili yake na wenzake waliozaliwa wakakuta kundi lipo. Vyeo sitavitaja kwa kuwa hatukuwa navyo. Malipo nayo nayaacha. Anayetaka kujua tulilipwaje aje aitazame nyumba yangu ya Chanika, ambayo upande mmoja mpaka leo haujapigwa lipu.

Kundi lilianzia jikoni, tena jikoni kwa watu. Bi Tunu, mama wa waimbaji wetu, alikuwa mpishi wa shughuli pale Mwananyamala. Ukiwa na harusi, maulidi au arobaini, ulimfuata nyumbani ukamwambia unatarajia wageni kiasi gani, naye akaja na masufuria yake, miiko yake mirefu na watoto wake wanne. Mumewe alikwishafariki na watoto hakuwa na wa kumwachia. Mwanaidi, mkubwa wao, alikaa kwenye vitunguu maji. Shabani alipasua kuni na kuchota maji. Zuhura alichambua mchele. Idi, kitinda mimba, kazi yake ilikuwa kutokusogelea moto. Ili wasigombane, mama yao aliwaimbisha. Alianzisha yeye, Mwanaidi akadaka juu, Shabani akashika chini, Zuhura akajipenyeza katikati. Hakuna aliyewafundisha kugawana sauti. Ninavyoamini mie, walikuwa wanapishana tu, kama watu wanavyopishana kwenye jiko dogo.

Siku moja, kwenye harusi ya mtaa wa jirani, bendi iliyokodiwa haikutokea. Gari lao lilikwama njiani, na simu za mkononi hazikuwapo za kuwauliza wamefika wapi. Bibi harusi ameshapambwa, wageni wameshakula, muziki hakuna. Shangazi wa bibi harusi alikwenda uani kuulizia chai, akawakuta watoto wanasugua masufuria huku wanaimba. Akawavuta mbele vile vile walivyo, mikono imejaa majivu. Waliimba nyimbo za jikoni, Bi Tunu akipiga sinia kwa mwiko. Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kwa namna nyingi, na kwa Idi kila mwaka wageni wanaongezeka. Mie namwamini Mwanaidi, anayesema watu walipiga makofi ya adabu, na kwamba kitu anachokumbuka zaidi ni aibu ya yale majivu. Lakini shughuli iliyofuata, mwenye harusi alimwambia Bi Tunu aje na wanawe wale wanaoimba. Jina la kundi halikutungwa na mtu. Watu waliuliza ni kina nani hao, wakajibiwa: wana wa Bi Tunu.

Mie niliingia miaka kadhaa baadaye, wao wakiwa wameshakuwa watu wazima. Baba yangu alikuja kutoka bara kuendesha magari ya mizigo, tukapanga Mwananyamala, na kanisani kwetu kulikuwa na kinanda. Mwalimu wa kwaya alinifundisha kwa sababu nilikuwa nafika mapema kuliko wengine, na yeye hapendi kukaa bure. Shabani wakati huo alikuwa fundi redio. Kanisa lilimwita aje atengeneze amplifaya, akanikuta nafanya mazoezi. Alisikiliza huku anajidai anapuliza vumbi kwenye nyaya. Kisha akaniambia kwao wanatafuta mtu wa kinanda, maana wateja siku hizi wanataka vyombo, na sauti tupu wanaona kama wamealikwa msibani. Nikamwambia mie Mkristo. Akasema kinanda hakiswali. Baba alichouliza ni kama nitarudishwa nyumbani mapema. Shabani alinirudisha mwenyewe kila mara, mpaka mlangoni, na hata alipokaribishwa chai aliinywa akiwa amesimama kibarazani.

Siku ya kwanza nilifika na kinanda nimekifunga kwenye shuka. Bi Tunu alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua uso, akanisogezea ungo wa vitunguu saumu. Nikadhani hajaelewa nimefuata nini, nikamweleza kwamba mie ndiye mpiga kinanda.

"Nimesikia," akasema. "Menya."

Nilimenya mpaka vidole vikawasha. Wanawe wakaanza kuimba huku kila mmoja yuko kwenye kazi yake, na baada ya muda nikajikuta namenya kwa mwendo wao na kuvuta pumzi pale wanapovuta. Alipoliona hilo ndipo aliponiruhusu nifungue shuka. Katika nyumba ile sikupewa somo jingine la muziki. Shufaa, kama bado unajiuliza kwa nini siku yako ya kwanza nilikupa ungo, sababu ndiyo hiyo.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba hawakubaki mahali pamoja. Walianza wimbo kwenye sauti fulani, na kadiri walivyochangamka walipanda kidogo kidogo, wote kwa pamoja, hata wakifika mwisho wako juu kabisa ya pale walipoanzia. Walipoimba peke yao hakuna aliyegundua. Nilipokuja mie na kinanda, ambacho hakina habari ya kuchangamka, ikawa vurugu. Mwanaidi akanigeukia akaniambia kwa upole kwamba kinanda changu kinashuka. Nikamwambia kinanda hakiwezi kushuka. Shabani, ambaye kwa ufundi wake alijua nani mkweli, akaanza kutafuta bisibisi ambayo haikupotea.

Tulisumbuana hivyo kwa muda. Niliwasihi wasipande, wakajitahidi, na nyimbo zikawa zimenyooka na hazina ladha. Bi Tunu alisema zimepoa. Mwishowe niliacha kuwarekebisha nikakaa kuwasikiliza. Nikagundua kwamba kila wimbo una mahali pake ambapo Mwanaidi ananogewa, na wengine wanamfuata. Basi nikawa nikifika pale napandisha mie kwanza, kabla yao, nao wakajikuta wamefika walikotaka kwenda bila kuacha njia. Kwa hiyo wimbo wa kumtoa bibi harusi unapandishwa katikati kwa sababu hapo ndipo Mwanaidi alipokuwa anafurahi. Hakuna elimu nyingine pale.

Tangu hapo kazi ilikwenda, na Shabani naye akaongeza gitaa la besi. Nimepiga kinanda kwenye kumbi, kwenye viwanja vya mpira, chini ya maturubai, na barazani kwa watu. Kinanda kina maadui wake na ni vizuri mwajue. Vumbi linatoka kwa brashi ya rangi, mpya, isiyowahi kuona rangi. Hewa ya chumvi ni mbaya zaidi. Ukitoka shughuli ya Kimbiji au kokote pwani, kifute kwa kitambaa kikavu siku hiyo hiyo, usiseme kesho. Sisimizi wanapenda sehemu yenye joto, na soda ikimwagika juu ya kinanda wanakuja na ukoo mzima. Watoto wa mwenye shughuli hawazuiliki, kwa hiyo wape kitufe kimoja cha kubonyeza mapema, waridhike, waondoke.

Halafu kuna umeme. Ukikatika na jenereta likachelewa kuwaka, Wana wa Bi Tunu waliendelea kuimba kama vile hakuna kilichotokea, na ukweli ni kwamba hapo ndipo walipokuwa wazuri kupita kiasi. Ukumbi wote ulinyamaza. Hilo si jambo la kumfurahisha mpiga kinanda, lakini nililizoea, nikawa nakunja mikono nasikiliza kama wengine. Ramadhani kundi lilipumzika, nami nikarudi kanisani kupiga bure. Krismasi waliniombea ruhusa wao wenyewe kwa wateja, na Bi Tunu aliniletea sahani ya pilau nyumbani akidai amepika likazidi.

Tulirekodi kaseti, zikauzwa. Zikaja siidii, zikaigwa na kila mtu. Zikaja flashi, na wapiga muziki wa mashine ambao hawali wala hawadai nauli ya kundi zima. Makundi mengi ya rika letu yalikufa kipindi hicho. Sie tulibaki, na watu wakiniuliza siri yake huwa sina jibu la kupendeza. Tulibaki kwa sababu harusi za Mwananyamala, Temeke na Kigamboni hazikukoma, na mama aliyeolewa tukimwimbia alitaka bintiye naye aimbiwe na walewale. Idi alikua akawa kijana mwenye sura nzuri na sauti ya kuombea radhi, na wasichana wakaanza kuja mazoezini kusuka mikeka ambayo haikuisha.

Nimefika kwenye jambo ambalo nyie vijana mmelisikia vipande vipande. Mwanaidi aliota uvimbe shingoni. Mwanzoni aliufunika kwa mtandio na sie tukajifanya hatuoni. Ulipoanza kumbana pumzi alikwenda hospitali, akaambiwa lazima utolewe. Daktari alimwambia mapema, Zuhura akiwapo, kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita palepale, na huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Akakubali. Operesheni ilikwenda vizuri. Napenda mlijue hilo, maana mtaani watu walitafuta wa kumlaumu wakamkosa. Alipona kabisa. Ila sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine, nene, yenye mchanga ndani yake, na juu hakukuwa na kitu. Alifungua kinywa pale alipozoea kudaka, ikatoka hewa.

Tulingoja. Daktari alisema huenda ikafunguka kwa mazoezi, na Mwanaidi aliyafanya mazoezi yale kila asubuhi, nyuma ya nyumba, peke yake. Haikufunguka. Siku moja hakuja mazoezini, akatuma ujumbe kwamba ana shughuli ya kupika. Na kweli alikuwa nayo. Bi Tunu alikuwa ameanza kuchoka miguu, na Mwanaidi akachukua masufuria. Wiki iliyofuata hakuja tena. Tukawa tunaimba bila sauti ya juu, Zuhura akijaribu kuishika kwa kutetemeka, kisha anaomba apumzishwe. Yeye alikuwa mtu wa katikati tangu utotoni na hakuwahi kutaka pengine.

Idi ndiye aliyelisema. Kulikuwa na shughuli kubwa inakuja Kimbiji, ya bintiye mwenyeji wetu wa siku nyingi, na hatukuwa na sauti. Akasema anamjua msichana mmoja, Nuru, anayeimba studio moja ya Kinondoni, sauti yake inafika popote. Aletwe, ajifunze nyimbo, tuendelee. Shabani alisema tungoje. Idi akauliza tungoje nini. Wakamtazama mama yao, naye akasema yeye ni mpishi, muziki ni wao. Basi ikakubaliwa, ila ilibidi mtu akamwambie Mwanaidi.

"Aende Da Tumaini," Idi akasema. "Yeye si ndugu. Akiambiwa na yeye haitauma sana."

Hakunikusudia ubaya. Alichosema kilikuwa kweli. Katika kundi lile mie peke yangu ndiye niliyeajiriwa, na mwajiriwa mara nyingine hupewa kubeba kile ambacho wenye nyumba wameshindwa kukigusa. Lakini nilipotoka pale nilitembea polepole, nikapita njia ndefu, na nilisimama dukani kununua sukari ambayo sikuihitaji ili nisiende mikono mitupu.

Nilimkuta Mwanaidi uani kwake, anapepeta mchele. Akanikaribisha, akaitazama sukari, akajua.

"Wamekutuma."

"Wamenituma, dada."

"Nani kasema uje wewe?"

"Idi."

Akapepeta kidogo. "Ana akili yule. Hata mie ningekutuma wewe."

Nikamweleza yote kama yalivyo, jina la msichana, studio, shughuli ya Kimbiji. Nilipomaliza akaniuliza huyo Nuru nyimbo zetu anazijua. Nikasema atafundishwa. Akauliza na nani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hatukuwa tumelifikiria hilo hata mmoja wetu. Nyimbo zile hazikuandikwa. Zuhura alijua za katikati, Shabani za chini. Sauti ya kwanza, nyimbo zote, tangu zile za kusugulia masufuria, ilikuwa kichwani mwa Mwanaidi peke yake.

"Kwa hiyo mnataka nije nimfundishe mtu nafasi yangu," akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma kwa sauti kitu alichopewa. Akauweka ungo chini, akakung'uta kanga yake.

"Haya. Nitakuja."

Alikuja. Nuru alikuwa binti mwenye adabu, alimwamkia kwa kupiga goti, na sauti yake kweli ilifika popote. Mwanaidi alimfundisha kama anavyopika, bila kupoteza muda. Kwa kuwa juu hakuweza, aliimba wimbo uleule chini, kwa ile sauti yake mpya, na Nuru akaurudia juu. Kazi hiyo waliifanya siku kadhaa, kipande kwa kipande. Sie tulisindikiza taratibu. Ikafika siku ya kuunganisha, wakaimba wote kwa pamoja, Nuru juu, Mwanaidi chini akimwongoza, Shabani naye kwenye nafasi yake ya chini ya kila siku.

Katikati ya wimbo nikasikia chini pamebaki sauti moja. Nikageuka. Shabani alikuwa amefunga mdomo, anapiga gitaa lake la besi na kumtazama dada yake. Mwanaidi hakugundua. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaimba ule wimbo ambao tulikuwa tumeuimba kwenye harusi zisizo na idadi, na ulikuwa wimbo mwingine. Ulikuwa na uzito. Maneno ya kumuaga binti anayeondoka kwao, ambayo kwa sauti yake ya zamani yalikuwa maneno ya sherehe, sasa yalisikika kama anayasema mtu anayebaki. Bi Tunu alitoka jikoni kwa miguu yake mibovu, akashika nguzo ya kibaraza.

"Nani huyo wa chini?" akauliza.

Akatutazama mmoja mmoja, akamfikia bintiye mkubwa.

"Rudieni," akasema.

Tuliporudia, Nuru alisimama katikati ya ubeti. Akasema, kwa heshima zote, kwamba yeye hawezi kukaa juu ya sauti ile. Kila akiimba anajikuta anamsikiliza Mwanaidi, anasahau maneno yake. Akasema na tusimwelewe vibaya, lakini mahali hapa hapana nafasi ya mgeni. Alimuaga kila mtu kwa mkono. Idi alimsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi alikuwa amekasirika, akatuambia sie ni watu wa kizamani na tutazikwa na sinia letu. Ugomvi ule uliendelea siku kadhaa. Mwisho wake Idi aliondoka akaenda studio kufanya muziki wake.

Sasa mlijue na la Shabani. Siku ileile, tukiwa tunakusanya nyaya, alimwambia dada yake, "Da Mwana, ile nafasi chukua wewe. Mie nina besi." Mwanaidi akamwambia asifanye upuuzi, ile ni sauti yake tangu utoto. Shabani akasema koo lake limechoka. Halikuwa limechoka. Nilimsikia kwa miaka mingi baada ya hapo akiimba peke yake anapotengeneza spika, na sauti ilikuwapo, nzima. Jukwaani hakuimba tena, na sijamsikia akilitaja.

Ikabaki sauti ya juu, na aliyebaki alikuwa Zuhura. Alisema hawezi. Mwanaidi akamwambia, "Nilipokuwa namfundisha yule binti ulikuwa unakaa pale pembeni unamenya. Niimbie kipande cha tatu." Akakiimba chote, bila kukosea neno, huku ameshika kisu na kitunguu. Akajishangaa mwenyewe.

Tulikwenda Kimbiji hivyo. Barabara ilikuwa mbaya na nilikipakata kinanda njia nzima kama mtoto mgonjwa. Shughuli ilikuwa ya mchana, uwanjani, chini ya maturubai, na akina mama wa mbele walikuwa walewale wanaotujua. Zuhura aliimba ubeti wa kwanza akitetemeka, ila alifika. Mwanaidi alisimama pembeni yake, kwenye nafasi ya Shabani. Wimbo ulipokwisha, mama mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa sauti, bila ubaya, Mwanaidi yuko wapi leo, mbona hawakumleta. Jirani yake akasema amesikia anaumwa. Walikuwa wanamtazama usoni wakati wanasema hayo, lakini alikuwa amekonda, na walizoea kumtafuta kwa masikio.

Mie nilikuwa karibu na nikaona mgongo wake ukikaza. Nilidhani atashuka. Zuhura akamshika kiwiko. Mwanaidi akaikaribia maiki, akasema kwa ile sauti ya mchanga:

"Mie hapa, mama. Sauti ndiyo iliyokwenda. Mwenyewe nipo."

Kisha yule mama akainuka, akaenda mpaka kwake, akajifungua kanga moja ya juu akamfunika nayo mabegani, akarudi kukaa. Mwanaidi akanigeukia akaniambia nianze wimbo wa kumtoa bibi harusi. Nikaanza. Tulipofika pale katikati nikasita, maana sikujua kama bado panafaa kupandishwa. Nikamtazama. Akatikisa kichwa kukubali. Nikapandisha.

Sitaki kuwadanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilikuwa asali. Wateja wengine walitukimbia, wakasema kundi limezeeka. Kuna mwenye ukumbi aliyetuambia mbele ya Mwanaidi kwamba sauti ile inatisha watoto. Mwanaidi alirudi nyumbani akalia, kesho yake akaja mazoezini. Idi naye alitoa wimbo ukapigwa redioni mpaka kwenye vibanda vya chipsi, akatoa mwingine, akatulia. Hakurudi kundini na hakuna aliyemwita. Anakuja sikukuu zote, anakula, anawasimulia watoto wake habari ya majivu, na dada yake anamtazama tu.

Bi Tunu alifariki akiwa mzee sana, kitandani kwake. Hatukuimba, si mahali pake. Nilikaa na binti zake upande wa wanawake, na mtu aliponiuliza mie ni nani wa marehemu, Zuhura alijibu kabla yangu, akasema huyu ni wetu. Wapishi wa siku ile walikuwa wengine. Mwanaidi aliinuka kwenye mkeka katikati ya kilio, akaenda jikoni kuwaambia chumvi haitoshi, akarudi akaendelea kulia.

Vidole vyangu ndivyo vilivyonistaafisha. Vilianza kugoma asubuhi, kisha mchana. Nilipokosea mwanzo wa wimbo mbele ya watu, Shabani aliufunika kwa besi haraka sana kiasi kwamba hakuna aliyejua, na jioni ile nikamwambia nimemaliza. Alinitazama vidole, akakibeba kinanda mwenyewe mpaka kwenye gari. Shufaa, binti wa Zuhura, alikuwa ameshamenya vitunguu vya kutosha.

Miezi michache iliyopita kundi liliitwa hukuhuku kwetu Chanika, jirani yangu anaoza bintiye. Niliambiwa nije kama mgeni. Nikavaa vizuri, nikapewa kiti cha mbele. Miaka yote nilikuwa nimekaa nyuma yao, karibu na spika, nikiona mitandio na visogo. Siku hiyo nikaona kwamba Zuhura akiimba sauti ya juu hufumba macho mwanzo mpaka mwisho, na Shabani, mdomo umefungwa, koo lake linatembea na kila neno la dada yake.

Pembeni yangu alikaa mama kijana mwenye mtoto mchanga, ameshamlaza begani. Akaniinamia akaniuliza kama nawafahamu. Nikamwambia kidogo.

"Yule mama wa sauti nene," akasema. "Mie ndoa yangu aliimba yeye. Mama yangu mzazi alilia mpaka tukamtoa nje. Sijasikia mwingine mwenye sauti kama ile. Hivi kazaliwa nayo?"

Nilitaka kumweleza. Nikatazama mbele. Mwanaidi alikuwa ameishika maiki kwa mikono miwili, anangoja Shufaa amtolee sauti ya kuanzia. Habari yenyewe ni ndefu, na wimbo ulikuwa unaanza.

"Ndiyo sauti yake," nikamwambia.